Ridhaa ya Asiyeweza Kusema

Mgonjwa mahututi ni yule ambaye mapafu, moyo, ubongo au figo zake zimeanza kushindwa kazi, na asiposaidiwa upesi atakufa ndani ya saa au siku chache. Mara nyingi hana fahamu, au anazo kidogo tu, haulizwi akajibu. Akiwa mtoto, hata angekuwa mzima asingejibu kwa niaba yake mwenyewe. Hapo ndipo linapozaliwa swali ambalo madaktari, wanasheria na watu wa dini wamelihangaikia kwa zaidi ya nusu karne: ni halali kumfanyia utafiti mtu wa namna hii? Na ikiwa ni halali, nani atoe idhini, na kwa mamlaka gani?

Katika nchi tajiri mgonjwa wa aina hii hupelekwa moja kwa moja chumba maalumu chenye mashine za kusaidia kupumua na muuguzi wake peke yake. Afrika hali ni nyingine. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2025 katika jarida la The Lancet ulipitia wagonjwa karibu 20,000 katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika. Mgonjwa mmoja kati ya wanane alikuwa mahututi, na zaidi ya theluthi mbili ya mahututi hao walikuwa wamelazwa wodi za kawaida. Mmoja kati ya watano alifariki kabla ya wiki kwisha. Pwani ya kusini ya Kenya, katika Kaunti ya Kwale, jambo hili halihitaji takwimu. Mtoto aliyezidiwa Kinango au Lunga Lunga hukimbizwa Msambweni, na ikishindikana hupelekwa Mombasa, safari ambayo kwa miaka mingi ilisubiri feri ya Likoni. Hospitali binafsi za Diani zipo, lakini bili yake si ya mvuvi wala ya mkulima wa mnazi. Kwa hiyo tiba ya mahututi wengi huku ni tiba ya wodini: oksijeni ikiwapo, dawa ya malaria, antibiotiki, damu, na maji ya mishipani.

Maji hayo ya mishipani ndiyo yaliyozaa utafiti ambao mtu wa Kwale ana kila sababu ya kuujua. Uliitwa FEAST, ukaanza mwaka 2009 chini ya Kathryn Maitland wa kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kilichopo Kilifi, akishirikiana na madaktari wa Afrika Mashariki, akiwamo Sarah Kiguli wa Uganda. Ulifanyika katika hospitali sita: nne za Uganda, ya Kilifi upande wa Kenya, na ya Teule huko Muheza, Tanzania. Ukitazama ramani, Kwale imekaa katikati ya Kilifi na Muheza, kwenye barabara ile ile inayotoka Mombasa kwenda Tanga. Watoto waliolazwa kaskazini na kusini yake walikuwa na homa zile zile na umaskini ule ule.

Swali la utafiti lilikuwa jepesi kulitamka. Mtoto mwenye homa kali, aliyepoteza fahamu au anayepumua kwa shida, ambaye mikono imepoa na mapigo ya moyo yamedhoofu, je, amiminiwe maji mengi kwa kasi, au awekewe taratibu kiasi cha kawaida tu? Kitabuni jibu lilikuwapo: amiminiwe. Ndivyo walivyofanya Ulaya na Marekani, na mwongozo wa dunia ulielekea huko huko. Watoto 3,141 wakagawanywa kwa kura katika makundi matatu. Wa kwanza walimiminiwa albumini, yaani maji yenye protini ya damu, wa pili maji ya chumvi, wa tatu hawakumiminiwa chochote kwa kasi. Matibabu mengine yote yalikuwa sawa. Zaidi ya nusu yao walikuwa na malaria. Wenye kuharisha sana na wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa, na msomaji alishike hilo, kwa sababu mtoto aliyekauka kwa kuharisha hesabu yake ni nyingine kabisa.

Januari 2011 kamati huru inayochungulia matokeo ilisimamisha uandikishaji kabla idadi iliyopangwa kutimia. Ndani ya saa 48 walikuwa wamefariki 10.6% ya waliopewa albumini, 10.5% ya waliopewa maji ya chumvi, na 7.3% ya wale ambao hawakumiminiwa. Kati ya kila watoto mia waliomiminiwa maji, watatu walikufa ambao huenda wangeishi. Tiba iliyoaminiwa ilikuwa inaua. Isitoshe, uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba vifo vya ziada havikutokana hasa na maji kujaa mapafuni au ubongoni, kama wengi walivyotazamia. Ni mzunguko wa damu wenyewe uliosambaratika.

Mtu anaweza kuyasoma matokeo hayo akasema: basi utafiti umeua watoto. Hoja hiyo inaonekana nzito hadi iulizwe nini kilikuwa kikitendeka kabla ya utafiti. Pale mtoto alipomiminiwa maji kwa sababu ya kitabu, akafa na akazikwa, hakuna aliyehesabu. Daktari anayetoa tiba isiyopimwa naye anafanya jaribio, tofauti ni kwamba halina daftari wala mtu wa kulisimamisha. Waliowekwa kundi la tatu, wale ambao mtu wa nje angesema wamenyimwa haki yao, ndio waliopona zaidi.

Hapa fikra za kale za Kiislamu zinasaidia kuliko inavyodhaniwa. Abu Hamid al-Ghazali, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya Waislamu wengi wa Kwale, alifariki mwaka 1111. Alipoandika juu ya kumtegemea Mungu aliulizwa na zama zake swali linaloulizwa hadi leo misikitini: anayekunywa dawa amepungukiwa tawakali? Jibu lake ni kuzigawa sababu za kupona katika daraja tatu. Ipo ya yakini, kama maji kwa mwenye kiu na chakula kwa mwenye njaa. Kuiacha si ucha Mungu, na ikifika mahali pa kuhofia kifo ni haramu. Ipo ya dhana, ambamo aliziweka dawa nyingi za matabibu: hutumainiwa kuponya, na kuzitumia hakupingani na tawakali. Ya tatu ni ya kuwazia tu, ambayo haina msingi wa kutegemewa. Kwa mgawanyo huo wanazuoni wengi wa Shafi wameona kujitibu ni jambo la kupendekezwa, si la lazima, kwa kuwa dawa nyingi hazina yakini.

Kosa la dunia ya tiba kuhusu maji ya kumimina lilikuwa kosa la daraja. Kitu cha dhana kilipandishwa kikawekwa penye yakini, na aliyethubutu kukitilia shaka alionekana mkatili. Majaribio ya kitabibu, kwa lugha ya Ghazali, ni kazi ya kuipanga upya ngazi hiyo kwa ushahidi. Yeye mwenyewe aliihesabu elimu ya tiba kuwa faradhi ya kutosheleza, yaani wajibu unaoubeba mji mzima hadi wapatikane wa kuutimiza. Mafundisho ya Mtume nayo humbebesha dhamana anayetibu bila kujua. Ikiwa kujua ni wajibu, na wodini hakuna njia nyingine ya kujua isipokuwa kupima, basi kupima kumeingia ndani ya wajibu huo. Anayesema mahututi waachwe kabisa nje ya utafiti anawahukumu watibiwe kwa kubahatisha milele, na kwa kisingizio cha kuwahurumia.

Lakini uhalali wa jambo haumpi mtu yeyote ruhusa ya kulitenda juu ya mwili wa mwingine. Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947, zilizotokana na ukatili wa madaktari wa Kinazi, zilifanya ridhaa ya mhusika kuwa sharti lisilokwepeka. Zikichukuliwa neno kwa neno, mahututi hafanyiwi utafiti kamwe. Azimio la Helsinki la mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake, liliacha mlango mwembamba: asiyeweza kuridhia anaweza kuingizwa ikiwa hali ile ile inayomzuia kuridhia ndiyo inayochunguzwa, na ridhaa ya kuendelea itafutwe mapema iwezekanavyo, kwake au kwa msimamizi wake. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 nayo humruhusu daktari kutibu bila idhini pale ambapo kuchelewa kungeleta kifo au madhara yasiyorekebishika. Hiyo ni ruhusa ya kutibu. Haikusema kutafiti.

Je, msimamizi ana uwezo gani? Fikihi ina mfano unaofaa kuliko yote: walii wa yatima. Anaweza kuifanyia biashara mali ya yatima akitumaini faida, hata kama biashara ina hatari zake. Hawezi kuitoa sadaka, hata kwa jambo jema, kwa sababu wema huo si wake. Mwili wa mtoto ni amana nzito kuliko mali, kwa hiyo mzazi hana mamlaka ya kumtoa mwanawe kwa faida ya watoto wa baadaye. Anaweza tu kumwingiza katika jaribio ambalo, kwa kadiri wajuzi wanavyojua siku hiyo, kila kundi lina tumaini sawa na lile ambalo mtoto angelipata nje ya jaribio. Siku wajuzi wakijua kundi moja ni bora, kura inakuwa dhuluma, na ndiyo sababu kamati ile ilisimamisha FEAST bila kungoja.

Wakristo walibishana jambo hili hili kwa njia yao. Paul Ramsey, mwanateolojia Mmethodisti wa Marekani, alishikilia mwaka 1970 kwamba mzazi hawezi kuridhia utafiti usiomlenga mtoto mwenyewe. Kufanya hivyo ni kumfanya chombo. Mwaka 1974 Mjesuiti Richard McCormick akamjibu kwamba mtoto naye ni mwanajamii, na yapo mambo madogo yasiyo na hatari ambayo yampasa kuyataka kwa ajili ya wenzake, hivyo mzazi anaweza kuyataka kwa niaba yake. Kwa kipimo cha walii wa yatima, Ramsey yuko karibu zaidi na haki. Hata hivyo utafiti wowote huhitaji tone la damu la ziada au kipimo kisicho cha matibabu, na bila kiasi fulani cha McCormick hakuna utafiti utakaosimama. Kiasi hicho lazima kiwe kidogo, na kitajwe wazi.

Yanabaki mambo ya kitandani. Aliyemleta mtoto mara nyingi ni mama au nyanya, baba yuko kazini Mombasa au baharini. Kwa Wadigo wa Kwale, ambao tangu zamani waliuhesabu ukoo kwa upande wa mama, mjomba alikuwa na kauli kubwa juu ya watoto wa dada yake. Sharia ya Kiislamu humtanguliza baba. Sheria ya nchi huwapa wazazi wote wawili. Mtafiti anayetaka sahihi ndani ya dakika kumi hana nafasi ya kuitisha kikao cha ukoo. FEAST ilipokutana na dharura kama hizo iliomba kwanza kauli ya mdomo kutoka kwa aliyekuwapo, kwa maelezo mafupi, kisha maelezo kamili na ridhaa ya maandishi mtoto akishatulia. Pale mtoto alipokufa kabla ya hatua ya pili, kamati za maadili ziliruhusu wafiwa wasifuatwe na fomu.

Uamuzi huo wa mwisho ni wa huruma, na ni mgumu kuutetea moja kwa moja. Kumpelekea karatasi mama aliye katika msiba ni ukatili. Kutomwambia kamwe kwamba mwanawe alikuwa katika utafiti ni kumficha jambo la mtoto wake mwenyewe. Njia ya kati ipo: matanga yakishaisha, mtu anayeaminika, akifuatana na mzee wa mtaa au imamu, aende akaeleze. Asiombe sahihi, wala asitetee mtu.

Pwani hii ina sababu ya kudai uwazi huo. Hofu ya mumiani, wanyonya damu waliosemekana kuwahudumia wakubwa, ilienea Afrika Mashariki tangu enzi za ukoloni, na uvumi wa aina hiyo umewahi kukiandama kituo cha Kilifi. Msambweni yenyewe imezoea watafiti kwa miongo mingi, wa kichocho, matende, malaria na dengi. Utafiti wa dawa ya ivermectin uliofanywa Kwale, ambao matokeo yake yalitoka mwaka 2025, ulionyesha maambukizi mapya ya malaria kwa watoto yakipungua kwa 26%. Humo mtu aliingia akiwa mzima: alisikiliza barazani, akauliza, akaweza kukataa. Mahututi hana baraza. Baraza lake inapasa likae kabla hajaugua, ndani ya jamii, ili siku ya dharura maneno machache ya muuguzi yaangukie masikio yaliyokwisha kulijua jambo.

Haki ya mwisho ni ya matokeo. FEAST ilijibu swali la hospitali zisizo na mashine za kupumulia, na faida yake ni ya hospitali hizo. Shirika la Afya Duniani lilibadili mwongozo wake wa dharura za watoto na kuuchapisha mwaka 2016, miaka mitano baada ya jibu kujulikana. Miaka mitano ni mingi mno kwa tiba inayopewa watoto kila siku, na hakuna mzazi aliyeridhia kucheleweshwa huko.

Masheikh na makadhi wa Kwale, pamoja na wachungaji wa Kinango na Diani, wasiachie kamati za Nairobi peke yao suala hili. Waingie katika kamati za maadili, wadai kuonyeshwa kwamba kila kundi la jaribio lina tumaini sawa, na wahakikishe matokeo yanarudi Msambweni kwa lugha ambayo mama wa mgonjwa anaielewa.