Macho Makavu



Babu yangu alifariki nikiwa Kipalapala. Nikapewa ruhusa, nikapanda treni ya Tabora kwenda Mpanda. Nilipofika nyumbani turubai lilikuwa limeshafungwa, na shangazi zangu sauti zimekauka kwa kulia.

Mimi sikulia. Niliaga mwili, nikarudi kwenye benchi, jioni nikaongoza rozari na sauti haikutetemeka. Wazee wakasema, "Frateri amejikaza kweli." Aisee, nilifurahi. Na furaha ile ndiyo inanisumbua mpaka leo, kuliko hata kifo chenyewe.

Nilikuwa na hoja, maana digrii ya falsafa haikosi hoja. Wastoiko walifundisha kwamba mwenye hekima hatikiswi na asichoweza kukizuia. Socrates, siku ya kunywa sumu, aliwakemea rafiki zake waliokuwa wakilia. Halafu nikaongeza ya imani: anayeamini ufufuko analia nini?

Sasa ndugu yangu, hiyo hoja ya mwisho inavunjikia Bethania. Yesu alijua anakwenda kumfufua Lazaro. Alijua kabisa, na bado alilia mbele za watu. Kama imani ingekausha macho, ya kwake yangekuwa makavu kuliko ya wote.

Kilatini kina neno illacrimabilis. Mshairi Horace amelitumia kwa maana mbili. Sehemu moja ni Pluto, mungu wa kuzimu, asiyetoa chozi hata umchinjie mafahali mia tatu kila siku. Sehemu nyingine ni mashujaa waliokufa bila kuliliwa, kwa sababu hawakupata mshairi wa kuwasimulia. Asiyelia na asiyeliliwa, neno moja tu. Nilipokutana nalo maktaba nilifunga kitabu. Nilimwona babu upande mmoja wa neno lile, na mimi upande wa pili.

Mtakatifu Augustino angenielewa. Mwaka 387, kule Ostia, alimfumba macho mama yake Monika, akayabana machozi kwa nguvu. Mwanae Adeodatus alipoangua kilio, wakamnyamazisha. Augustino akaongea na wageni vizuri tu, wakadhani hana uchungu. Akaenda hata kuoga, amesikia kuoga kunaondoa huzuni. Wapi! (Tomaso wa Akwino naye anataja kuoga na usingizi kati ya dawa za huzuni, pamoja na machozi na kuhurumiwa na marafiki. Anasema uchungu uliofungiwa ndani huzidi kuuma.) Kesho yake, akiwa peke yake kitandani, Augustino aliyaachia. Ninachopenda ni kwamba miaka mingi baadaye, akiwa askofu, aliyaandika yote, na ile aibu ya kuogopa kuonekana analia.

Lakini nisikudanganye kwamba kila jicho kavu ni kosa. Bibi naye hakulia pale msibani, na watu walinong'ona. Siku chache baada ya turubai kushushwa tulikuwa tumekaa barazani tunamenya karanga, nikamuuliza taratibu kwa nini. Akaendelea kumenya kwanza.

"Babu yako ameugua muda gani?"

"Miezi saba."

"Mimi nimelia miezi saba. Namgeuza, nalia. Namlisha uji anautema, nalia. Siku ya kuzika nikatafuta, hakuna kitu."

Kumbe macho yetu yalifanana, basi. Ya kwake yalikauka kwa kutumika. Ya kwangu niliyatunza yasitumike, halafu nikapokea sifa.

Akaniangalia, akaniita kwa ule utani wetu wa siku zote. "Na wewe, mume wangu, ya kwako uliyaweka wapi?"

Nikamjibu kwamba nilikuwa naongoza rozari.

"Rozari angeongoza katekista," akasema, akanisogezea ungo.