Asante ya Punda

Kuna methali tunaipenda sana: asante ya punda ni mateke. Tunamtupia mtoto aliyesomeshwa akasahau nyumbani, au rafiki aliyekopeshwa akazima simu. Mimi nina swali moja tu kwa methali hiyo. Punda alipewa nini hasa, hadi adaiwe asante?

Huku Kisii na Nyamira farasi ni mnyama wa kuonekana kwa runinga. Tulichonacho ni etigere, yaani punda, na ardhi inayomhitaji. Nyumba ziko juu kilimani, chemchemi iko bondeni. Kuna vijia ambavyo hata boda boda hakubali kupanda na mitungi ya maji au matofali, na hapo ndipo punda anaitwa. Mvua ikinyesha, udongo kwenye miteremko ya Manga unateleza kama sabuni. Punda anasimama. Mwenyewe anasema, huyu ni mkaidi.

Lakini mtazame vizuri. Farasi akishtuka, kawaida hukimbia. Punda mara nyingi husimama kwanza, masikio mbele, apime kama njia ni salama. Tunachokiita ukaidi ni mnyama anayefikiria miguu yake. Hata teke lina sababu zake. Pengine umemjia kwa nyuma bila yeye kukuona, pengine kamba imemchuna na kidonda kiko chini ya gunia. Kabla ya kuhukumu tabia, inua gunia.

Jirani yangu Nyamira alinunua punda dume kwa bei nafuu, nafuu kwa sababu ya mateke. Kwenye kidaraja cha mbao akagoma kabisa.

"Omogaka, huyu ni wa fimbo tu," jirani akamwambia mzee aliyekuwa akipita.

"Fimbo itamfanya akuogope wewe," mzee akajibu. "Daraja bado analiogopa. Sasa atakuwa na hofu mbili."

Mzee akasema mizigo iteremshwe. Akaleta punda jike mzoefu atangulie, kisha akashika kamba akisimama karibu na bega la yule dume, si nyuma yake. Alivuta kidogo tu na kungoja. Punda alipoinua mguu mmoja mbele, kamba ikalegezwa palepale. Siku ya kwanza hawakuvuka. Siku ya nne walivuka bila mzigo. Mzigo wenyewe ulirudi baada ya wiki, tena nusu.

Hapa ndipo wasomi wa upole huishia, kila mtu akipiga makofi. Mimi nabaki na hesabu. Wiki hiyo jirani hakupata hata shilingi kutoka kwa punda, na mwenye nyumba hakumngoja. Subira ina bei, na mara nyingi tunamdai subira mtu asiyeweza kuilipia. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumpiga mnyama kikatili na kumbebesha kupita kiasi, na ni sawa ikataze. Lakini yule aliyepiga simu akitaka matofali yake yote yafike kabla ya saa sita, mvua au jua, naye ameishika ile fimbo. Yeye tu mkono wake hauonekani.

Mtu ataniuliza: si upole pia ni ujanja? Mwisho wa yote punda anabeba tu. Ni kweli, na sitaki kulipamba hilo. Kamba iliyolegezwa haimpi uhuru. Tofauti naiona mahali pamoja: baada ya mafunzo, je, hapana ya punda bado ina maana? Aliyevunjwa kwa fimbo atapita hata kwenye ubao uliooza, maana hapana yake imekwisha. Aliyefunzwa na yule mzee akisimama leo, jirani yangu anasimama pia, anaangalia chini. Mara nyingine kweli kuna ubao umelegea.

Kwa hivyo deni, kama lipo, liko upande wetu. Tunachukua mgongo wake. Cha chini kabisa tunachoweza kumrudishia ni kusikiliza anapokataa, na kumwacha anayemwongoza apate muda wa kusikiliza. Ukiagiza matofali kesho, uliza pia hali ya njia.