Kaya Ikikosa Waumini

Mgeni anayeingia Kaya Kinondo, msitu mtakatifu ulio kusini mwa Diani, Kwale, katika pwani ya Kenya, hufungwa kaniki kiunoni kwanza. Mzee wa kaya hutangulia, akawaomba ruhusa waliotangulia mbele ya haki, kisha akataja masharti: humo ndani hakuna kukumbatiana, na hakuna kutoka na kitu, hata kijiti kikavu.

Kinondo imo katika misitu ya kaya za Wamijikenda iliyotiwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2008. Kaya Diani haimo. Msitu wa ufuo ule ulimegwa na hoteli, nyumba za likizo na barabara ya lami, hata mbega wanatundikiwa ngazi za kamba juu ya barabara wasigongwe na magari.

Tofauti ya misitu hii miwili inazua swali zito la imani. Wadigo, Wamijikenda wa eneo hili, wengi wao ni Waislamu, na msikitini hufundishwa kwamba kuomba mizimu ni shirki. Kijana akiacha kuiogopa mizimu, ataacha panga lake nje ya msitu kwa sababu gani?

Sababu anayo, tena katika dini yake mwenyewe. Qurani inamwita mwanadamu khalifa katika ardhi, na inakataza kufanya uharibifu humo. Mtume alitenga eneo la Naqi' karibu na Madina kuwa hima, malisho yasiyoguswa ila kwa manufaa ya umma. Wakfu nao watu wa pwani wanaujua vizuri: mali iliyotolewa kwa ajili ya Mungu haiuzwi wala hairithiwi. Mzee wa kaya na imamu hawakubaliani kuhusu nani wa kuombwa, lakini wote wawili wanajua kuwa kuna ardhi isiyopimwa kwa bei.

Kukiri hivyo si rahisi pale mlima wa Mrima, huko huko Kwale. Juu yake pana msitu mtakatifu wa kaya; chini yake pana niobi na madini adimu yanayotakiwa kwa magari ya umeme na mitambo ya upepo, vifaa ambavyo dunia inavitegemea kuokoa mazingira. Kampuni moja ilipewa leseni ya kuchimba mwaka 2013, na leseni hiyo ikafutwa mwaka huo huo. Kampuni ikafungua madai katika usuluhishi wa kimataifa, na mwaka 2018 ikashindwa, kwa kuwa haikuwa imepata kibali cha mazingira kilichotakiwa na sheria.

Sharti la kibali ni ngao, lakini kibali kinaweza kupatikana kesho. Wanaoishi chini ya Mrima wanahitaji maji, zahanati na kazi, na kuwaambia waridhike na utakatifu ni kuwadhulumu. Ni dhuluma vilevile kuwafanya wauze makaburi ya wazee wao ili wachimbiwe kisima, haki ambayo raia wa sehemu nyingine hupata bila kutoa kafara ya namna hiyo. Kisima kije kwanza. Mazungumzo ya madini yafuate baadaye, na wenye kaya wawe na uwezo wa kusema hapana.