Dawa, Sumu na Ridhaa

Kiswahili kina neno moja, dawa, kwa kitu anachomeza mgonjwa apone na kwa kitu anachonyunyiziwa mdudu afe. Twasema dawa ya homa, dawa ya panya, dawa ya magugu, wala hatuoni ajabu. Hiyo si kasoro ya lugha. Wazee walijua kwamba mzizi ule ule huponya kwa kipimo na huua pasipo kipimo. Lakini walijua pia kwamba mganga aliyeuchimba mzizi huo anakaa kijiji kimoja na mgonjwa, na mambo yakiharibika ataulizwa. Ndani ya neno dawa mlikuwamo imani kwa mtu anayejulikana.

Siku hizi dawa nyingi za shambani hutengenezwa ng'ambo ya bahari. Mtengenezaji hamjui mkulima, wala mkulima hamjui yeye. Imani ya zamani imebaki katika neno, bali mtu wa kuulizwa hayupo tena. Hapo ndipo linapozuka swali la maadili: mtu akimuuzia au akimpa mwenziwe kitu alichokipiga marufuku nyumbani mwake, na mwenziwe akakipokea kwa hiari, je, amemdhulumu?

Wako wanaojibu upesi kwamba hapana dhuluma. Aliyenunua ni mtu mzima, wasema, na nchi iliyopokea ni nchi huru, nani amemlazimisha? Hoja hii si ya kudharauliwa, maana hakuna taifa huru linalopenda kuchaguliwa na wengine. Lakini tuipime kwa mambo yaliyotokea. Mwaka 1986 Tanzania ilipokea shehena ya madawa ya kuulia wadudu kutoka Ugiriki. Yalikuja kama msaada, na sehemu yake ilikuwa imekwisha muda wake. Yaliwekwa katika banda kwenye shamba la Vikuge, Mkoa wa Pwani. Banda likaanguka na sumu ikaingia ardhini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004, baada ya mabaki yaliyoonekana kwa macho kuondolewa, uliikuta DDT na sumu nyinginezo katika udongo hadi nusu mita kwenda chini, na pia katika maji ya jirani. Kadhalika, mwaka 1988 iligunduliwa kwamba maelfu ya mapipa ya taka za sumu kutoka Italia yamerundikwa katika uwanja wa mtu mmoja huko Koko, bandari ndogo ya Nigeria. Mwenye uwanja alikuwa ameupangisha kwa kodi ndogo ya kila mwezi.

Katika visa hivi viwili hakuna aliyeshikiwa bunduki. Mkono ulinyoshwa na kupokea. Lakini kilichokubaliwa kilikuwa jina tu: huku msaada, kule kodi. Kitu chenyewe hakikuelezwa kama kilivyo. Ridhaa ya namna hiyo haina tofauti na saini ya mtu aliyefungwa macho.

Basi wengine hujibu kwa kwenda upande wa pili kabisa: kilichokatazwa kwao kikatazwe na kwetu, shauri limekwisha. Jibu hili lina huruma, ila halina haki kamili. Tuitazame DDT yenyewe. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 umeibana DDT kwa masharti makali. Hata hivyo unaruhusu itumike dhidi ya mbu waenezao malaria mahali ambapo hapana njia nyingine iliyo salama, yenye kufaa na ya bei nafuu. Nchi isiyo na malaria yaweza kuikataza DDT na isipoteze kitu. Mama anayekesha na mtoto mwenye homa ana mizani nyingine ya kupimia. Anayemkatalia kutoka mbali amemwamulia, sawasawa na yule anayemuuzia kwa kumficha.

Kati ya majibu hayo mawili ndipo uliposimama Mkataba wa Rotterdam, uliopitishwa mwaka 1998 na kuanza kufanya kazi mwaka 2004. Leo una wanachama zaidi ya 160, Tanzania ikiwa mmojawapo. Msingi wake ni kwamba ridhaa lazima itanguliwe na maarifa. Kemikali zilizothibitishwa kuwa za hatari huwekwa katika orodha. Kila nchi husema kama inazikubali, inazikataa, au inazikubali kwa masharti. Na nchi inayouza yapaswa kuliheshimu jibu hilo. Tena, nchi iliyokataza kemikali kwake haina budi kumjulisha mnunuzi kabla ya kuipeleka.

Mkataba huo haumwelemei muuzaji peke yake. Nchi inayokataa kemikali iliyo katika orodha isitoke nje, yapaswa pia kukataa isitengenezwe ndani kwa matumizi yake. Wahenga walisema, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Sharti hili linaturudishia methali hiyo wenyewe: hatuwezi kuiita sumu ya jirani sumu, na ya kiwanda chetu tukaiita maendeleo.

Hata hivyo mkataba una udhaifu wake. Ili kemikali iingie katika orodha, mkataba wataka nchi zote zikubaliane kwa kauli moja. Tangu mwaka 2006 pendekezo la kuiingiza asbesto nyeupe limekwama mara kwa mara kwa pingamizi la nchi chache, ingawa wataalamu wa mkataba huo waliliunga mkono. Na kuingizwa katika orodha si kupigwa marufuku. Ni kumpa mnunuzi haki ya kuambiwa. Kumbe hata kuambiwa kwaogopwa!

Lakini tusiishie kuwalaumu walio mbali. Maarifa yaliyovuka bahari yaweza kufia katika kabati la ofisi. Mkataba wataka maelezo ya hatari yaandikwe, kadiri iwezekanavyo, kwa lugha rasmi ya nchi inayopokea. Faida gani, ikiwa mwenye duka huimimina dawa katika chupa ya soda isiyo na maandishi yoyote, naye mkulima akaiweka karibu na maji ya kunywa? Hapo mnyang'anyi wa ridhaa ni sisi kwa sisi, na mtoto aliyekunywa hawezi kutofautisha dhuluma ya mgeni na uzembe wa ndugu.

Basi jibu la swali letu ni hili. Ndiyo, mtu aweza kumdhulumu mwenziwe aliyekubali, maana anayekijua kitu ana deni kwa asiyekijua, na deni hilo halilipwi kwa kupokelewa fedha wala kwa kusemwa ahsante. Deni hilo linamhusu mtengenezaji, serikali, mwenye duka na mwalimu vilevile. Mwalimu anayemfundisha mwanafunzi kusoma karatasi iliyobandikwa kwenye kopo, na kumwambia waziwazi kwamba dawa hii ni sumu, amelipa sehemu yake.