Baiskeli Mbili na Tende Mbili

Wahenga walisema, njia mbili zilimshinda fisi. Tumezoea kuifasiri methali hii kuwa ni lawama kwa mwenye tamaa: fisi alisikia harufu ya nyama huku na huku, akatia mguu mmoja kila njia, akapasuka msamba. Lakini jaribu, mpenzi msomaji, kuitazama kwa jicho jingine. Huenda fisi yule hakuwa mlafi. Huenda alikuwa mwangalifu kupita kiasi, akasimama njiapanda kupima ni nyama ipi iliyo bora, hata njaa ikamwahi. Basi afanyeje mja anapowekewa mbele yake vitu viwili vyema, vilivyokaribiana hata akili haioni pa kushika?

Mfano wangu nimeupata Kilosa, mji wa reli ulio kando ya mto Mkondoa, mbali na bahari yetu. Nina rafiki huko, mtumishi mstaafu aliyenizidi miaka michache. Kwa muda mrefu, kila Jumamosi alfajiri, alikuwa akipanda Phoenix yake ya Kichina mpaka Kimamba na kurudi, pasi na haja ya biashara, kwa raha ya nafsi tu. Ndoto yake ilikuwa siku moja afike Mikumi, safari ya zaidi ya kilomita 70. Alipostaafu, wanawe walioko ng'ambo walimwambia: Baba, chagua baiskeli uitakayo, sisi tutalipa. Akachuja, akachuja, zikabaki mbili, zote za Kitaliano: Colnago na Pinarello. Katika daraja la juu, kila moja bei yake hupita dola 10,000 za Marekani.

Nilipomtembelea, miezi kumi na minane ilikuwa imepita tangu ahadi ile, na daftari zima limejaa hesabu zake. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alishinda Tour de France mara nne, mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017, juu ya Pinarello. Naye Tadej Pogačar alitwaa ubingwa wa dunia mjini Kigali, Septemba 2025, juu ya Colnago. Uzito je? Sheria ya mashindano hairuhusu baiskeli iliyo chini ya kilo 6.8, kwa hiyo waundaji wote wawili hukaribia mpaka ule ule, na tofauti iliyobaki ni ndogo kuliko maji ya chupa moja. Upepo je? Sehemu kubwa ya upepo humpiga mpandaji mwenyewe, wala si chombo. Kila hoja aliyoiandika ukurasa wa kulia ilipata jibu ukurasa wa kushoto.

Nikamuuliza, "Na ile Phoenix?"

"Ipo stoo, ndugu yangu."

Tulikwenda kuitazama. Matairi yamekauka yakapasuka, mnyororo umeshika kutu. Kwa kuwa alikuwa akiingoja iliyo bora, iliyo duni aliiona haistahiki tena kupandwa. Jumamosi sabini na ushei zilikuwa zimekwenda, na goti lake la kushoto lilikuwa limeanza kulalamika kwa kukaa.

Nakiri kwamba fikra yangu ya kwanza ilikuwa kumhutubia. Mbele ya baraza yake hupita wabeba mkaa, magunia yamefungwa juu ya keria hadi kumfunika mtu, nao wanaisukuma baiskeli kilimani kwa kifua. Vipi mtu atamani chombo cha thamani hiyo mbele ya macho ya watu hawa? Lakini nilijizuia. Sisi wa visiwani tuna milango ya mchongo, ilhali ubao mtupu hufunga nyumba vile vile. Na mtunga mashairi, anayekesha akitafuta kina ambacho hakuna aliyekihitaji ili aishi, hana ulimi wa kumkemea anayependa kizuri. Swali la haki ya mwenye nacho na asiye nacho ni zito, nami silidharau. Ila silo lililokuwa limemfunga rafiki yangu. Angekuwa anachagua kati ya baiskeli mbili kuukuu, angeweza kufungwa vivyo hivyo.

Siku ya pili nilimwona mbeba mkaa mmoja kwa fundi baiskeli. Alikuwa akichagua rimu, na alichagua kwa makini: akaigonga, akaizungusha, akahesabu matundu ya spoku, akairudisha, akatwaa nyingine. Haikufika robo saa akalipa, akaondoka. Twasema mchagua jembe si mkulima. Sivyo hasa. Mkulima huchagua jembe, ila huchagua akiwa na shamba machoni. Mbeba mkaa alijua mzigo wake na njia yake. Rafiki yangu alijua Froome amekwenda wapi na Pogačar amekwenda wapi. Njia yake mwenyewe, yenye vumbi na kokoto, haikuwamo daftarini, wala goti lake.

Hapo nikazikumbuka tende mbili za Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Katika kitabu chake cha kuwajibu wanafalsafa, alileta mfano wa mtu mwenye hamu ya tende, mbele yake zipo mbili zisizotofautiana kwa lolote, naye hawezi kuzitwaa zote. Je, atakufa njaa? La, atatwaa moja, kwa sababu kazi ya utashi ni hiyo hasa: kupambanua kati ya vinavyofanana. Ibn Rushd wa Kurtuba, aliyefariki mwaka 1198, hakukubali. Mtu yule, alijibu, hakuchagua tende hii dhidi ya ile. Amechagua kula dhidi ya kutokula, na yoyote aliyoigusa mkono imetosha.

Wanazuoni wakubwa wale walikuwa wakibishana juu ya kuumbwa kwa ulimwengu, si juu ya baiskeli. Lakini katika jambo dogo kama letu, naona Ibn Rushd ametugusa penyewe. Rafiki yangu alidhani anachagua kati ya Colnago na Pinarello. Kumbe kila Jumamosi alikuwa akichagua kati ya kupanda na kutopanda, na kila Jumamosi alichagua kutopanda, asijue kwamba amechagua.

Nami nisimcheke. Nimejifundisha kutafsiri peke yangu, bila mwalimu, na shairi moja lilinilalia katika mtoto wa meza miaka minne kwa sababu ya maneno mawili, huzuni na majonzi. Mzee aliyeniomba nimfasirie alifariki kabla hajalisikia. Mwishowe niliandika majonzi. Hakuna aliyepata kuniuliza kwa nini.

Kabla sijaondoka tuliipeleka Phoenix kwa fundi. Baada ya wiki kadhaa rafiki yangu alinipigia simu. Mikumi bado, lakini amefika Ulaya. Nacheka kila nikikumbuka, kwani Ulaya ni kijiji kilichopo katika njia ya kwendea Mikumi. Zile mbili zenye majina ya Ulaya ya Wazungu zimo bado daftarini. Iliyofika Ulaya ya Kilosa ni ile ya Kichina.