KARAMU YA MAKABILA NA KIVUKO CHA YORDANI

Masomo: Matendo ya Mitume 2:1-11, Waamuzi 12:1-6, Matendo ya Mitume 6:1-7



Tunajua furaha ya siku ile ambapo makabila yote ya parokia yanakutana kula pamoja. Baada ya ibada wamama wanatandika vitambaa juu ya meza na kila mmoja anafunua sufuria yake. Huyu ameleta bukari ya mahindi, yule ameleta kwanga, mwingine samaki wa Lualaba. Na karibu kila sufuria ya pili ina majani ya mihogo. Sisi wa Kiswahili tunaita sombe. Ndugu wa Lingala anasema pondu, wa Kikongo anasema saka-saka, wa Tshiluba anasema matamba. Lugha nne za taifa letu, majina manne, jani ni moja. Kisha kwaya zinaimba kwa zamu, kila moja kwa lugha ya wazazi wake. Hatuchezi ngoma, maana ndivyo tulivyofundishwa, lakini fanfari na filimbi zinafanya hata wazee wanyanyuke kwenye viti.

Siku kama hiyo ni njema. Lakini leo tunataka kuuliza: karamu hiyo ni nini mbele ya Mungu? Je, ni tamasha tu, tunakula, tunapiga picha, tunakwenda nyumbani? Au ni ahadi ambayo Mungu atatudai?

KARAMU YA YERUSALEMU

Tumesoma jinsi Roho Mtakatifu alivyoshuka siku ya Pentekoste. Walikuwapo Waparthi na Wamedi, watu wa Misri na wa Libya, wageni wa Roma, Wakrete na Waarabu. Angalieni jambo moja. Roho hakuwafanya wote waseme lugha moja. Angaliweza, lakini hakufanya hivyo. Kila mtu alisikia matendo makuu ya Mungu katika lugha aliyozaliwa nayo. Basi anayecheka matamshi ya ndugu yake kanisani anacheka kitu ambacho Roho mwenyewe alikiheshimu.

Na kanisa letu lilipataje makabila mengi? Si kwa hekima yetu. Tata Simon Kimbangu alianza kazi huko Nkamba tarehe 6 Aprili 1921, katikati ya Wakongo wenzake. Kazi ile ilidumu miezi michache tu. Mwezi wa Septemba alikamatwa, na tarehe 3 Oktoba mahakama ya kijeshi ilimhukumu kufa. Mfalme wa Ubelgiji aligeuza hukumu hiyo kuwa kifungo cha maisha. Leta ikaanza kuwafukuza waamini. Familia kwa familia zilitolewa katika vijiji vyao na kupelekwa mbali: wengine Lowa upande wa mashariki, wengine Ekafera katika Equateur, wengine Kasaji hapa Katanga. Kanisa linahesabu familia 37,000 zilizopelekwa uhamishoni.

Fikirini mama wa Kikongo anashuka kwenye mashua na watoto wake, mahali ambapo hajui hata kuomba maji kwa lugha ya watu wa pale. Alijifunza. Wenyeji walimpa maji, yeye akawapa neno alilolibeba moyoni. Hivyo wale waliotumwa mbali ili wanyamaze ndio waliopanda mbegu kwa Waluba, kwa Wamongo, kwa Walega na kwa wengine wengi. Leta ilitaka kuitenga imani hii, na Mungu akaitumia safari ile ile ya Leta kuieneza.

Na Tata Simon Kimbangu mwenyewe? Alipelekwa Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka kwao. Alikaa gerezani miaka 30, akafa humo tarehe 12 Oktoba 1951. Udongo wa Katanga ulimpokea. Ulimhifadhi zaidi ya miaka 8, hadi mwezi wa Aprili 1960, ndipo mwili wake ulirudishwa Nkamba.

Wapendwa, lisikieni neno hili vizuri. Tata yetu alikuwa mgeni Katanga. Alikuwa mtu asiye wa kabila la pale, tena mfungwa. Alikufa mbali na kaburi la mama yake. Kama ni hivyo, ni nani kati yetu, watoto wake, atakayepata kinywa cha kumwambia mtu mwingine, "Rudi kwenu"?

KIVUKO CHA YORDANI

Sasa tuangalie somo la pili, lile ambalo halipendezi kusomwa siku ya karamu. Watu wa Gileadi na watu wa Efraimu walipigana. Hawakuwa wageni kati yao. Wote wawili ni uzao wa Yusufu, na wote walimwita Mungu mmoja. Watu wa Gileadi walishika vivuko vya Yordani. Kila aliyekuja kuvuka walimwambia atamke neno moja, Shibolethi. Mwefraimu hakuweza kuitoa sauti ile, alisema Sibolethi. Wakamkamata, wakamchinja pale pale. Biblia inatoa hesabu ya waliokufa: watu 42,000. Walikufa kwa ajili ya sauti moja ya ulimi.

Tusiseme kwamba hayo ni mambo ya kale. Mji wa Lubumbashi ulianzishwa mwaka 1910, na Union Minière ilikuwa imeundwa mwaka 1906. Migodi ilitaka mikono. Wafanyakazi walitoka kila upande: Kasai, nchi ya Luapula, Rwanda, na vijiji vya Katanga yenyewe. Reli ikawaleta. Katika kambi za wafanyakazi wakakaa mlango kwa mlango, na kwa kuwa hapakuwa na lugha ya mama iliyowatosha wote, wakashika Kiswahili. Lugha hii tunayoandika hapa ni mtoto wa kambi zile. Wajukuu wa wafanyakazi hao walikaa kwenye benchi moja la masomo, wakacheza mpira katika lupango moja, wakaoana.

Halafu ukaja mwaka 1992. Kinshasa kulikuwa na Mkutano Mkuu wa Taifa, na mwezi wa Agosti mtu wa Kasai alichaguliwa kuwa Waziri Mkuu mahali pa mtu wa Katanga. Ugomvi wa wakubwa ukashuka hadi kwenye milango ya wadogo. Watu wa Kasai waliokaa Katanga wakaitwa bilulu, yaani wadudu. Mkisikia mwanadamu anaitwa mdudu, jueni kifo chake kimekwisha kutayarishwa, maana hakuna anayelilia mdudu. Nyumba zilichomwa. Watu walifukuzwa kazini na mitaani. Huko Likasi, na mwaka 1993 huko Kolwezi, maelfu walikaa kwenye stesheni za treni, juu ya mizigo yao, wiki kwa wiki, miezi kwa miezi, wakingoja mabehewa ya kuwapeleka Kasai. Wengi walikuwa wamezaliwa Katanga. Walikuwa wanarudishwa mahali ambapo hawajafika hata siku moja. Watoto na wazee walikufa pale stesheni na njiani, kwa njaa na magonjwa.

Watu walitambuliwaje? Kwa jina. Kwa matamshi. Ilikuwa Shibolethi tena.

Tuseme kweli yote, maana kweli nusu ni uongo. Manung'uniko yalikuwapo. Wakatanga wengi waliona kwamba vyeo vya migodi na vya ofisi vimeshikwa na watu wa Kasai, na watoto wao wenyewe hawapati kazi. Jambo hilo lilistahili kuzungumzwa mchana, mbele ya wazee. Lakini manung'uniko ya kazi hayatoi ruhusa ya kuchoma nyumba ya jirani. Tuseme pia kwamba walikuwapo Wakatanga waliowaficha jirani zao na kuwapa chakula kwa siri, wakijua hatari. Hao Mungu anawajua kwa majina. Na walikuwapo wengine, watu wa Biblia na wa kwaya, waliofunga madirisha yao na kunyamaza. Walikuwa wamekula sahani moja na wale waliokuwa stesheni. Walikula karamuni, lakini kivukoni hawakuonekana.

Hiyo ndiyo hofu yetu kwa ajili ya karamu zetu. Mtu anaweza kuipenda sombe ya jirani, na asimpende jirani. Anaweza kupiga makofi kwa wimbo wa Tshiluba Jumapili, na Jumatatu akapokea maneno ya chuki kwenye simu yake na kuyatuma kwa wengine. Na maneno yale ya mwaka 1992 hayajafa. Kila wakati wa uchaguzi yanaamka, yanatafuta kinywa cha kukaa ndani yake. Tusiyape kinywa chetu.

SUFURIA YA WAJANE

Basi tufanye nini? Somo la tatu linatufundisha. Kanisa la kwanza lilikuwa changa, Pentekoste ilikuwa karibu bado, na tayari ugomvi wa kikabila ukaingia. Wayahudi wa lugha ya Kigiriki walinung'unika kwamba wajane wao wanasahauliwa wakati wa kugawa chakula cha kila siku.

Angalieni mitume walivyofanya. Hawakusema, "Nyamazeni, sisi sote ni wamoja katika Kristo." Hawakuwaita wanung'unikaji waleta fujo. Waliita mkutano, wakataka wachaguliwe watu saba wenye Roho na hekima. Someni majina ya wale saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni majina ya Kigiriki. Kanisa lilitia ufunguo wa ghala katika mikono ya wale waliosema wamesahauliwa. Kisha Luka anaandika kwamba neno la Mungu likaenea, na hesabu ya wanafunzi ikaongezeka sana.

Wapendwa, umoja wa makabila hauonekani kwanza mahali pa kuimba. Unaonekana mahali pa kugawa. Tujichunguze katika parokia zetu. Nani anashika sanduku? Nani anaandika hesabu? Je, wote ni wa kijiji kimoja? Mgonjwa wa kabila kubwa anatembelewa na watu ishirini, mgonjwa wa kabila dogo anatembelewa na nani? Kukiwa na kilio kwa ndugu aliye peke yake mjini, asiye na wajomba wala mashangazi hapa, tunakesha naye au tunatuma bahasha tu? Katika nsinsani tunashindana kutoa, na ni vizuri. Lakini ole wetu kama ushindani wa kutoa unageuka kuwa kiburi cha ukoo.

Tumepewa maneno matatu: upendo, amri, kazi. Tuyapeleke yote matatu katika jambo hili.

Upendo: siku ya karamu usikae na watu wa kwenu. Kaa karibu na mtu ambaye lugha yake huijui. Muulize jina la baba yake na la kijiji chake. Jifunze kumsalimu kwa lugha yake, na wimbo mmoja wa kwao, hata ukiutamka vibaya. Acha akucheke kidogo. Ni afadhali acheke yeye kuliko kucheka wewe.

Amri: katika nyumba zetu lisitamkwe neno la kumwita mtu mdudu, wala mnyama, wala mgeni katika nchi yake. Wazazi, watoto wanasikia mnayoyasema mezani. Na kijana wetu akileta mchumba wa kabila lingine, tuulize kwanza anamcha Mungu, si baba yake anatoka mto gani.

Kazi: kila parokia ihakikishe kwamba wanaogawa msaada wanatoka katika makabila mbalimbali. Na kila nyumba iamue leo, wakati kuna amani, itafanya nini siku jirani akiwindwa. Siku yenyewe ikifika hakuna muda wa kuamua. Wale waliofungua mlango mwaka 1992 walikuwa wamekwisha kuufungua moyoni kabla.

Tuendelee basi na karamu zetu. Tupike, tuimbe, tupige filimbi. Lakini kila mmoja anapotia mkono katika sahani ya mwenzake, ajue kwamba anakula kiapo. Anasema mbele za Mungu: wewe uliyenipa chakula chako, siku utakaposimama kwenye kivuko na watu wakakuuliza unavyotamka, mimi nitakuwa upande wako. Nikiulizwa, nitasema, huyu ni ndugu yangu.

Tuombe. Ee Mungu wetu, uliyempa Tata yetu kaburi katika udongo wa watu wengine, utusamehe siku tulizonyamaza. Uwakumbuke waliokufa kwenye stesheni, ambao hatukujua hata majina yao. Uvunje vivuko vyote ambapo ndugu anamngojea ndugu kwa kisu. Utufanye familia moja yenye lugha nyingi, hadi siku ile tutakapoketi kwenye karamu yako, watu wa kila taifa na kila kabila na kila lugha. Kwa jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.