"Kazi ya Mungu haina makosa": tuiseme kila msibani?



Kuna sentensi moja ambayo ukienda msiba wowote hapa kwetu utaikuta. Iko kwenye ratiba ya mazishi, iko kwenye fulana za wanakamati, iko mdomoni mwa MC. Akifariki mwanachuo, inajaa kwenye statasi za darasa zima kabla hata ndugu wa mbali hawajapata taarifa. Kazi ya Mungu haina makosa. Leo nataka tuiulize maswali hiyo sentensi. Siidharau. Waliotufundisha kuisema ni mama zetu, na wengine wao wameisema wakiwa wamezika watoto.

Ila mwaka huu wa uchungaji nimepangiwa kuwasindikiza wanafunzi Wakatoliki wa chuo kimoja, na swali gumu kuliko yote ninaloletewa si la uchumba wala la kwa nini tunamheshimu Bikira Maria. Ni hili: kama Mungu ni mwema na anaweza yote, kwa nini hili limetokea? Waliopita darasa la falsafa wanalijua kwa sura yake ya darasani. Mwaka 1955 J. L. Mackie, mwanafalsafa wa Australia, aliandika makala akidai kwamba mambo matatu hayawezi kukaa pamoja: Mungu ni mwema kabisa, Mungu anaweza yote, na uovu upo. Miaka ya 1970 Alvin Plantinga akajibu kwamba yanaweza, maana huwezi kumpa kiumbe uhuru wa kweli halafu ukamlazimisha atende mema tu. Kwa maoni yangu Plantinga alishinda hoja ile. Lakini hebu ipeleke kwa mtu aliyezika jana, uone itakusaidia nini.

Chukua Garissa. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015 watu wenye silaha wa al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya. Waliua watu 148, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi. Waliwatenga Wakristo na Waislamu ili wawaue Wakristo. Wengine waliwakuta kwenye sala ya asubuhi. Ilikuwa Alhamisi Kuu. Sasa simama kwenye kaburi la mmoja wao useme kazi ya Mungu haina makosa. Kazi ya nani? Mwaka 2019 mahakama mjini Nairobi iliwatia hatiani watu watatu kwa kuhusika na njama ya shambulio lile, na mmoja wao, inauma kusema, alikuwa Mtanzania. Ile kazi ilikuwa na wenyewe. Na ilikuwa na makosa, tena makosa yenye vifungu vya sheria.

Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Sentensi ile ikisemwa pasipo pake inamnyang'anya Mungu wema wake na inamfutia binadamu hatia yake, vyote kwa mpigo mmoja. Dereva amelipita lori kwenye kona, watu wamekufa: kazi ya Mungu. Mama amefariki akijifungua kwa sababu damu haikuwepo: kazi ya Mungu. Tunaimba, tunakula, tunatawanyika, na hakuna anayeuliza habari za breki wala za damu.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino ana msaada hapa. Katika Summa, sehemu ya kwanza, swali la 19, kifungu cha 9, anatofautisha kutaka na kuruhusu: Mungu hataki maovu yatendeke, bali anataka kuruhusu yatendeke. Nilipolieleza hili, kijana mmoja wa sheria alinishika palepale: "Fra, hapo umecheza na maneno. Mlinzi anayemruhusu mwizi apite getini si mwizi mwenzake?" Swali zuri sana. Jibu langu ni kwamba mlinzi ameajiriwa kulinda mali, na sisi Mungu hakutuumba mali ya ghalani. Dunia ambamo kila mkono unaonyanyuka kupiga unagandishwa hewani haina watu ndani yake, ina vikaragosi. Jibu hilo linafika mbali, ila halifiki mwisho. Halielezi kwa nini mkono ule ulizuiwa, wa kwenye ushuhuda wa jirani, na huu haukuzuiwa. Juu ya saratani ya mtoto halisemi kitu. Katekisimu yenyewe, namba 309, inakiri kwamba jibu la haraka halitatosha, na inatuelekeza kwenye imani nzima ya Kikristo kuwa ndiyo jibu. Naupenda ukweli huo.

(Mtakatifu Augustino naye lilimsumbua tangu akiwa mwanafunzi kule Kartago. Alikaa na Wamanikeo karibu miaka tisa kwa sababu walimpa jibu jepesi la nguvu mbili, nuru na giza, zinazopigana. Baadaye akaona kwamba uovu haukuumbwa, ni kukosekana kwa wema pale unapopaswa kuwepo. Ni kama tundu kwenye shuka: lipo kweli, usiku utalijua kwa baridi, lakini hakuna fundi aliyelishona.)

Kuna dada wa mwaka wa pili aliyefiwa na kaka yake. Kaka alikuwa abiria kwenye bodaboda, basi likayapita magari mengine pasiporuhusiwa. Dada akaacha kuja misani wiki sita. Tulipomtembelea hosteli, mimi na mwenyekiti wa kwaya, alisema hivi: "Kila aliyekuja amenikumbatia akaniambia kazi ya Mungu haina makosa. Sawa. Basi dereva hana kosa. Sasa Fra, mimi nimchukie nani kama si Mungu?"

Jamani, hiyo ni hoja halali kabisa. Ukikubali dai la kwanza, hitimisho linafuata. Yeye hakuwa amepoteza imani, alikuwa ameichukua sentensi yetu kwa uzito kuliko sisi tuliomwambia.

Tulisoma naye Ayubu. Sura ya 1 aliijua, ile ya Bwana kutoa na kutwaa, maana ilisomwa mazishini. Sura ya 3 hakuijua, ambapo mtu yuleyule analaani siku aliyozaliwa. Misibani tunasoma ya kwanza na kuiruka ya tatu, kana kwamba Ayubu aliishia pale akiwa bado na adabu zake. Na ukifika 42:7, Mungu anawakasirikia wale rafiki watatu waliomtetea kwa hoja nzurinzuri, anasema Ayubu ndiye aliyenena sawasawa. Jambo moja tu rafiki wale walilifanya vizuri: mwanzoni walikaa naye chini siku saba, usiku na mchana, bila kusema neno. Hilo sisi tunalijua, ndiyo matanga. Tukikaa tu kwenye mkeka tuko sahihi kuliko tunaposhika maiki.

Tena angalia kalenda ya mwaka ule wa Garissa. Siku nne kabla, Jumapili ya Matawi, Kanisa lilisoma Mateso kwa Injili ya Marko, ambamo Yesu msalabani anamuuliza Baba kwa nini amemwacha. Kwa hiyo anayeuliza "kwa nini" hajatoka nje ya sala ya Kanisa. Yumo ndani kabisa, karibu na Yesu mwenyewe.

Je, tuifute ile sentensi? Sidhani. Bibi wa miaka tisini amelala usingizi wa amani baada ya Mpako wa Wagonjwa. Hapo iseme, hata mimi nitaitikia. Na mfiwa mwenyewe akiisema kwa kinywa chake, kama Ayubu, nani amkataze? Ni yake. Mgeni wa msiba ndiye simpi ruhusa ya kumsemea.

Kwenye chuo kikuu cha Paris, karne ya 13, walikuwa na utaratibu: wakati wa Majilio na Kwaresima mwalimu anakaa mbele ya watu, na yeyote anauliza chochote. Tomaso alikikalia kiti hicho. Sisi ukiuliza swali zito kwenye jumuiya unaambiwa uongeze sala. Basi tumeanza kitu kama kile, Alhamisi jioni, na padri mlezi naye anakaa kuulizwa. Mara nyingi tunaondoka bila jibu, tukiwa tumekula mihogo.

Dada yule amerudi, anakaa benchi la nyuma. Kesi ya dereva imeahirishwa mara mbili na yeye anakwenda kila inapotajwa. Kuna siku tulimsindikiza watu kumi na mmoja, tukajaza chumba cha mahakama. Kwenye sala ya jioni tunamwombea kaka yake, na tunamwombea dereva pia. Hilo la pili bado hawezi kulitamka. Tukifika hapo ananyamaza, sisi wengine tunaitikia.